Mtoto amekwama kusoma: sikiliza kosa kabla ya kutafuta dawa

Ukimuuliza mzazi tatizo la mwanawe, jibu huwa moja: "Hajui kusoma." Jibu hilo halionyeshi pa kuanzia. Kusoma ni kazi kadhaa zinazokwenda pamoja, na mtoto anaweza kuwa hodari katika nne akakwama katika ya tano. Mwaka 2000, jopo la wataalamu wa Marekani lililopitia tafiti za ufundishaji wa kusoma, National Reading Panel, lilizitaja tano: kutambua sauti ndani ya maneno, kuhusisha sauti na herufi, kusoma kwa ufasaha, msamiati, na ufahamu. Iliyolegea huacha makosa yake, na makosa hayo husikika kwa anayetega sikio.

Kwa hiyo kabla ya kununua kitabu kingine au kumlipia masomo ya ziada, keti naye, mpe ukurasa mmoja asome kwa sauti, nawe unyamaze. Usimsahihishe. Andika neno lililopo na alichokisema badala yake: palipo na "kitanda" amesema "kitabu". Ukipata makosa kama kumi hivi, tafuta hapa chini yanafanana na yapi.

Anasoma ukurasa mzima huku macho yapo kwenye picha

Huyu huwadanganya wengi. Kitabu chake cha kwanza anakisoma mwanzo hadi mwisho bila kukosea, tena kwa madaha, na hata ukifunua ukurasa kabla hajaumaliza, hadithi inaendelea tu. Amekikariri. Si uvivu wala ujanja. Kuishika hadithi kichwani ni mwanzo mzuri, ila bado hajasoma.

Funika picha kwa karatasi, weka kidole kwenye neno la katikati ya sentensi, umuulize limeandikwa nini. Akilazimika kurudi mwanzo wa sentensi na kuisema kimoyomoyo mpaka afike hapo, umeshapata jibu. Kipimo kikali zaidi ni maneno ya kubuni: "nufe", "lodu", "fesiko". Neno ambalo halipo haliwezi kukaririwa, wala picha haiwezi kulisaidia. Mwambie mapema kwamba ni maneno ya mchezo, la sivyo atahangaika kuyatafutia maana.

Ikithibitika, achana na kitabu hicho kwa muda na umtungie sentensi zako, mpya kila siku, kwa herufi chache anazozijua. Kwa m, n, s, l na irabu tano peke yake unaweza kuandika: "Simu imelia. Nani amelala? Mama analima." Hakuna picha, hakuna wimbo, na bado zina maana. Hadithi alizokariri endelea kumsomea jioni kwa raha zake.

Herufi anazijua zote, neno halitoki

Hili ndilo nalikuta mara nyingi kuliko yote. Unamwonyesha "mama". Anasema "me, a, me, a", kisha anakutazama akisubiri umalizie. Anayesomeshwa kwa Kiingereza atasema "em, ei, em, ei". Wote wawili hawajakosea: wamesema majina ya herufi, kama walivyofundishwa. Lakini ukiyaunganisha majina hayo hupati "mama" hata ukeshe. Jina la herufi linafaa wakati wa kutaja tahajia. Wakati wa kusoma kinachohitajika ni sauti.

Basi mfundishe sauti, na uiseme safi. Sauti ya m ni midomo iliyofumbwa na mvumo wa puani, siyo "me" wala "mu". Anza na zile zinazoweza kuvutwa: m, n, s, l, f, z. Vuta ya kwanza mpaka ikutane na irabu, bila kukata pumzi: "mmmmaaa". Kosa kubwa la wafundishaji ni ule ukimya kati ya sauti na sauti. Mtoto anasikia vipande viwili, anaona kazi ya kuviunga ni yake, na hajui inafanywaje. Zisizovutika, yaani p, b, t, d, k, g, zije baadaye. Kwa hizo mwambie aweke mdomo tayari kwa b, akae hivyo bila kutoa sauti, kisha aseme "a". Itatoka "ba" yenyewe.

Hapa Kiswahili kinatubeba. Irabu ni tano na kila moja ina sauti ileile siku zote, na silabi karibu zote huishia kwa irabu. Ulinganisho uliochapishwa mwaka 2003 na mtafiti Philip Seymour na wenzake, uliohusu tahajia 13 za Ulaya, ulionyesha kuwa watoto wa lugha zenye tahajia ya wazi, yaani ambazo herufi husomwa kwa sauti ileile karibu kila mahali, walikuwa wakisoma maneno ya kawaida karibu bila kosa kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza wa shule, huku wenzao wa Kiingereza wakiwa nyuma sana. Kiswahili kipo upande wa hao wa kwanza. Kwa hiyo mwenye kufundisha kwa Kiswahili asiogope kutumia silabi, ila achunge jambo moja: "ba be bi bo bu" ni rahisi mno kugeuka wimbo. Yupo mtoto anayeiimba jedwali zima, lakini ukimwonyesha "bo" peke yake anaanza kunong'ona "ba, be, bi…" mpaka aifikie. Vuruga mpangilio. Andika silabi kwenye vikaratasi, zichanganye, na siku nyingine zipange kwa irabu badala ya konsonanti: "ba, ma, sa, ta, la".

Kuna kundi jingine, nalo hukaa muda mrefu bila kutambuliwa. Hawa sauti za herufi wanazijua barabara na bado hawaunganishi. Kwao shida ipo kabla ya maandishi: hawajagundua kwamba neno linalosemwa lina vipande ndani yake. Kwa mtoto mdogo "kalamu" ni kitu cha kuandikia, basi. Kwamba lina "ka" ambayo pia imo ndani ya "kaka" ni jambo la kufundishwa.

Weka kitabu kando, mcheze kwa mdomo tu. "Nitalisema neno vipandevipande, wewe liseme zima: ka… la… mu." Akiweza, geuza: "Sema kalamu. Sasa iseme bila ka." Akijibu "lamu" mpeleke kwenye vipande vidogo zaidi: "sss, iii, mmm, uuu, ni neno gani?" na "Samaki linaanza na sauti gani? Na sindano?" Asiyeuweza mchezo huu mdomoni hatauweza kwenye karatasi, hata umpe vitabu vya rangi namna gani. Dakika tano au kumi kwa siku zinatosha. Mara anapoliunganisha neno la kwanza mwenyewe, rudisha herufi mezani siku hiyohiyo, kwa sababu mazoezi haya hufanya kazi vizuri zaidi sauti inapopewa umbo lake.

"Mti" linakuwa "mtai", "pete" linakuwa "piti"

Hii ni ya watoto wanaojifunza Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja. Jina la Kiingereza la herufi i hutamkwa "ai". Jina la e hutamkwa "ii", yaani sauti ileile ambayo Kiswahili huiandika kwa i. Mtoto anavuta jina kutoka lugha moja na kulitia kwenye lugha nyingine. Konsonanti nyingi zinavumiliana, kwa hiyo makosa karibu yote yatakuwa kwenye irabu, na hilo ndilo litakalokuonyesha kwamba hujakosea kutambua.

Usimkataze lugha yoyote. Tenganisha tu: daftari mbili, saa mbili tofauti, na kabla ya kuanza mwambie leo tunasoma lugha gani. Mimi naona ni busara irabu tano za Kiswahili zikomae kwanza ndipo za Kiingereza zifuate, maana kuhama kutoka kwenye utaratibu ulio wazi kwenda kwenye wenye vighairi vingi ni rahisi kuliko kinyume chake. Shule ikiwa imeanza na Kiingereza, usigombane nayo. Fanya sehemu yako nyumbani.

"Baba" na "dada" ni mtu mmoja

Kuchanganya b na d huwatisha wazazi kupita kiasi. Ubongo umezoea kwamba kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto au kulia, na ujuzi huo tumekuwa nao kabla ya kuwepo maandishi. Herufi ndizo zinazotaka tuuache. Kwa mwanafunzi anayeanza, hadi karibu miaka 7, kugeuza herufi ni kawaida, na peke yake si dalili ya ugonjwa wowote.

Ajabu ni kwamba sisi wenyewe humpa "baba" na "dada" kama maneno ya kwanza kabisa, bega kwa bega. Fundisha b, isubiri ikae, ndipo baada ya wiki kadhaa ulete d. Mkono usaidie jicho: b huanza na kijiti kisha tumbo, d huanza na tumbo kisha kijiti, na aandike huku akiitamka sauti yake. Kumwambia "angalia vizuri" hakusaidii. Anaangalia vizuri.

Silabi za kawaida zinateleza, "mbwa" na "ng'ombe" zinamkwamisha

Hapa mtoto amefundishwa kwamba konsonanti moja hukutana na irabu moja, halafu ghafla anakuta konsonanti tatu zimepangana. Herufi mwambatano zinahitaji kufundishwa moja moja kama zilivyofundishwa herufi nyingine: ch, sh, ny, mb, nd, nj, kisha zenye w na y kama kw, mw, vy. Wengi hukimbilia kuzimaliza zote kwa wiki moja kwa sababu zimebanwa kwenye ukurasa mmoja wa kitabu.

Ng na ng' zipe siku zake. Andika "ngoma, ngoja, nguo" upande mmoja, "ng'ombe, ng'oa, ng'ara" upande wa pili, azitamke ili asikie tofauti. Na m ya "mtu" ni silabi kamili inayojitegemea, ilhali m ya "mbuzi" imeungana na b: m-tu, lakini mbu-zi. Tena "mbaya" ya "mtu mbaya" ina silabi tatu na ya "nyumba mbaya" ina mbili, kwa maandishi yaleyale. Hilo si la kumfundisha mtoto wa miaka sita. Nimelitaja ili asichapwe maneno makali anapogawa silabi tofauti na ulivyotarajia.

Kuna kosa ambalo si kosa. Mtoto anasoma "dhahabu" kama "zahabu", "thelathini" kama "selasini", au "kalamu" kama "karamu". Kabla ya kumsimamisha, msikilize anavyozungumza. Kama ndivyo anavyosema akiwa anacheza, basi kusoma amesoma. Hayo ni matamshi yake, na yafanyiwe kazi wakati mwingine. Ukimkatiza kila mara kwa sababu ya r na l, atapoteza mtiririko wa sentensi bila kujua amekosea nini.

Anaanza vizuri, anamalizia kwa kubahatisha

"Kitanda" linakuwa "kitabu", "anapiga" linakuwa "anapika", "babu" anakuwa "bibi". Angalia mfuatano: mwanzo wa neno ni sahihi, mkia ni wa kubuni. Mara nyingi ameambiwa hivyo hasa. Zipo njia za kufundishia zinazomhimiza mtoto atazame herufi ya kwanza, atazame picha, kisha akisie neno linaloleta maana. Kwenye kitabu chenye maneno mafupi na picha kubwa mbinu hiyo hufaulu, ndiyo maana hujikita. Baadaye picha hupungua, maneno hurefuka, na kubahatisha hakulipi tena. Msomaji mzuri anautumia muktadha kuhakikisha alichosoma. Asiyejiweza anautumia badala ya kusoma.

Kwa hiyo akikwama usiseme "unafikiri ni nini?" Sema "isome mpaka mwisho", na telezesha kidole chini ya neno, silabi moja baada ya nyingine. Mwandikie maneno yanayofanana mwanzo na kutofautiana mwisho, "kitabu, kitanda, kitambaa, kitana", na usiyaweke kwenye sentensi, ili asipate pa kukisia. Akipatia, mwulize amejuaje kuwa si "kitambaa". Jibu lake likiwa "hapa kuna nda", unaona mabadiliko.

Anasoma si-la-bi kwa si-la-bi

Hapa usahihi upo, wepesi haupo. Kila silabi bado inamgharimu fikra, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshamtoka. Tena neno lililokatwakatwa hupoteza mkazo. "Ba-ra-ba-ra" isiyo na mkazo si ya kupitia magari wala si ile yenye maana ya sawasawa, kwa hiyo sikio halilitambui. Baada ya kuliunganisha neno, mwambie: "Sasa liseme kama unavyolisema ukiongea." Mara nyingi uso hubadilika hapo hapo.

Dawa yake ni kurudia kifungu kilekile kifupi, mara tatu au nne kwa siku kadhaa, wewe ukisoma kwanza naye akifuata. Kwa vitenzi, mzoeze vipande vyenye maana: "wana-cheza, wata-cheza, hawata-cheza". Akizijua "wana", "wata" na "hawata" kwa mtazamo mmoja, nusu ya vitenzi vya ukurasa imepungua uzito. Na usimpime kwa viwango vya maneno kwa dakika vilivyotungwa kwa Kiingereza. "Hawatatutembelea" ni neno moja kwetu. Kwa Kiingereza ni sentensi nzima. Mlinganishe na alivyokuwa mwezi uliopita.

Anasoma kwa ufasaha, hajui alichosoma

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walilieleza jambo hili kwa hesabu nyepesi: kuelewa maandishi ni uwezo wa kusoma maneno ukizidishwa na uwezo wa kuelewa lugha. Ni kuzidisha, siyo kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kutokana na hapo unapata kipimo cha dakika kumi. Chukua hadithi mbili za kiwango kimoja. Ya kwanza asome mwenyewe, umwulize maswali. Ya pili msomee wewe, umwulize maswali ya namna ileile. Akishindwa ya kwanza akaiweza ya pili, rudi kwenye sehemu zilizotangulia: nguvu zake zote zinaishia kwenye herufi. Akishindwa zote mbili, tatizo halipo kwenye kusoma, lipo kwenye lugha au kwenye ujuzi wa jambo linalozungumzwa.

Huo ujuzi wa jambo hupuuzwa mno. Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi wa Marekani habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo vizuri waliielewa na kuikumbuka kuliko wasomaji hodari wasioujua. Mtoto "asiye na ufahamu" mbele ya habari ya bandarini anaweza kuwa hajawahi kuona wala kusikia habari za meli. Mweleze bandari kabla hajasoma, uone.

Kwa mtoto ambaye lugha ya kitabu si ya nyumbani, kazi ni hiyo hiyo ila kubwa zaidi: msomee kwa sauti vitabu vilivyo juu ya uwezo wake, simama kwenye neno jipya, lieleze kwa maneno anayoyajua, na ulitumie tena kesho yake kwenye mazungumzo. Maswali yawe ya kufikiri, "kwa nini alificha?", siyo "alificha nini?" pekee, kwani la pili linajibika kwa kunakili tu mstari bila kuuelewa.

Kitabu kikifunguliwa, tumbo linamuuma

Kiu, haja ndogo, penseli imepotea. Sijaona mtoto wa namna hii ambaye chini yake hapakuwa na mojawapo ya matatizo yaliyotangulia. Kwanza hesabu makosa: akikosea zaidi ya neno moja katika kila kumi, kitabu ni kigumu mno kwake kusoma peke yake. Mpe ambacho hakosei zaidi ya neno moja katika ishirini, hata kama ni "cha wadogo", na punguza kikao kiwe kifupi. Usimsomeshe mbele ya ndugu yake anayesoma vizuri.

Umefanya haya miezi kadhaa, hakuna kilichosogea

Apimwe macho na masikio kabla ya mengine yote. Anayekaza macho, anayekisogeza kitabu puani au anayepotelewa na mstari huenda anahitaji miwani. Masikio yanayougua mara kwa mara humnyima mtoto sauti hafifu kama s na f, na asiyeisikia sauti hawezi kuipa herufi.

Yakiwa salama, fikiria disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno. Si ugonjwa wa macho wala upungufu wa akili. Kwa wengi chanzo ni ugumu wa ubongo kushughulikia sauti za lugha, na mara nyingi hujirudia katika ukoo. Kwenye lugha yenye tahajia ya wazi kama Kiswahili inaweza kujificha, kwa kuwa mtoto huishia kusoma kwa usahihi ila kwa mwendo wa kobe, na tahajia yake inabaki mbovu. Dalili nyingine ni kuchelewa kutaja vitu anavyovijua, kama rangi au siku za wiki, na kushindwa ile michezo ya vipande vya maneno hata baada ya mazoezi ya kutosha. Mwone mtaalamu wa elimu maalumu au mwanasaikolojia wa elimu. Mafunzo yatakuwa ya sauti na herufi vilevile, ila ya hatua ndogo zaidi, marudio mengi zaidi, na muda mrefu. Wakati yanaendelea, usimkatie hadithi: msomee, mpe zilizorekodiwa, ili msamiati wake ukue sambamba na wa wenzake hata kama jicho bado linasuasua kwenye mstari.